Tarihi ya Povu: Uoshaji wa Magari na Utunzaji wa Vyombo Vyake Katika Tarime na Serengeti

Kazi nyingi ambazo macho ya wapita njia huziruka bila kuzitazama zina asili ndefu na hikima isiyo haba, na miongoni mwa kazi hizo sijaona iliyodharauliwa kwa dhuluma kubwa kuliko uoshaji wa magari, ambao katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, umepita hali tatu katika muda wa takriban miaka 100: hali ya mto na debe, hali ya uwanja na mashine ya presha, na hali ya povu tuliyo nayo leo. Amwonaye kijana amesimama katika viatu vya mpira, ameshika mtutu unaotema povu jeupe juu ya ubavu wa gari, hudhani kuwa kazi hiyo ilizuka jana, na kwamba maarifa yake yote yamo katika nguvu za mikono. Mimi naamini kuwa kazi hii ina nasaba, na nasaba hiyo yatoka katika josho la ng'ombe na shamba la kahawa. Tena naamini kuwa uchafu wa magari hauwezi kuepushwa na mito yetu kwa sheria peke yake, kwa sababu sheria isiyo na chombo cha kuitekeleza ni amri iliyo angani, na chombo nacho hutimiza wajibu wake kwa sharti moja tu, nalo ni kutunzwa kila siku na mkono wa mtu mwaminifu.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoifanya kazi hii kuwa ya lazima. Tarime imekaa juu ya nyanda za juu zinazopakana na Kenya, penye mvua zinazotosha kahawa, ndizi na mahindi, na udongo wake mwekundu, ukilowa, hugandamana chini ya gari na katika matao ya magurudumu, na ukikauka huwa mgumu kubanduka. Ukishuka kuelekea kusini, ukauvuka Mto Mara na kuingia Serengeti kwa njia ya Mugumu, Nata na Ikoma, utazikuta mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa masika huyanasa magurudumu hata ya gari lenye nguvu, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kutoa vumbi lisilo na mwisho. Kusini zaidi, ndani ya hifadhi, ziko tambarare zilizofunikwa tangu zama za kale na majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, na vumbi la huko ni laini mno, hupenya kila tundu na kila maungio. Vumbi hili lote lina chembe kali. Alifutaye kwa kitambaa kikavu hulisugua juu ya rangi ya gari na kuiachia mikwaruzo isiyofutika. Ndiyo maana maji, na kitu cha kulegeza vumbi kabla mkono haujagusa bati, vilitakiwa tangu siku za awali.

Na maji yalikuwapo. Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395, huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita ndani ya Maasai Mara na Serengeti, hutawanyika katika vinamasi vikubwa, kisha huingia katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Upande wa Tarime mna Mto Tigithe unaoungana na Mara, na Mto Mori unaokwenda ziwani kwa njia yake mwenyewe. Upande wa Serengeti mna Mto Grumeti, ambao mamba wake na makundi ya nyumbu wanaouvuka wamesimuliwa duniani kote. Wakurya, Wangoreme, Waikizu, Wanata na Waikoma, ambao wamekaa kandokando ya mito hii kwa vizazi vingi, walikuwa watu wa mifugo na kilimo, na kwa mfugaji maji ni uhai wa boma lake, tena ni jambo la kugombewa na kupatanishwa, wala si kitu cha kuchezewa.

Gari lilikuja katika nchi hiyo likitanguliwa na meli. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, shehena zilizoshushwa huko zilipakiwa katika meli za ziwani na kupelekwa katika bandari za pwani ya mashariki na kusini, Shirati na Musoma zikiwa miongoni mwake. Wajerumani walikuwa na boma lao Shirati, na jingine Ikoma, ambako kuta za ngome yao zilishuhudia mapigano mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini katika zama zao mizigo ilikwenda kwa vichwa vya wapagazi kuliko kwa magurudumu. Vita vilipokwisha na nchi ikawa chini ya Waingereza, gari nalo likaja kwa wasaa wake. Husimuliwa kuwa mwaka 1920 Mmarekani mmoja mwindaji, jina lake Simson, aliingia katika mbuga za Serengeti kwa gari la Ford, na tangu hapo wawindaji wakafuatana kwa wingi hata serikali ikalazimika kuweka mipaka ya kuwalinda wanyama, mpaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951. Upande wa Tarime gari lililojulikana zaidi halikuwa la mwindaji bali lori la mfanyabiashara, lililochukua pamba, ngozi, samli na kahawa kuzipeleka ziwani, na kurejea na chumvi, vitambaa, majembe na mafuta ya taa.

Katika lori hilo ndimo alimozaliwa mwosha magari wa kwanza wa nchi hizi. Dereva alikuwa bwana mkubwa wa barabara, mwenye kofia na ufunguo. Pembeni yake, au juu ya mzigo, alikaa kijana ambaye watu wa safari humwita utingo, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia na kushusha, kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani, kuchimbua matope, na kila lori lilipofika mtoni, kuliosha. Chombo chake kilikuwa debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 na ushei. Alichota maji mtoni, akayamwaga juu ya bati, akasugua kwa dodoki au kipande cha gunia, akarudi kuchota tena. Kabla ya daraja la Kirumi kujengwa, magari ya njia ya Musoma na Tarime yalivushwa Mto Mara kwa kivuko, na palipo na kivuko pana kungoja, na palipo na kungoja utingo hakukosa kazi. Lori lilioshwa likiwa limesimama majini hadi nusu ya magurudumu, na matope, grisi na mafuta yaliyodondoka tumboni mwake yalikwenda na mkondo. Magari yalipokuwa machache, mto uliweza kuyachukua hayo. Na kwa kuwa mto uliweza, watu wakajifunza kudhani kuwa utaweza daima.

Sabuni ya zama hizo ilikuwa sabuni ya mche, ile ile iliyofulia nguo na kuogeshea watoto. Sabuni hiyo, ambayo hutokana na mafuta yaliyopikwa kwa magadi makali, ina aibu moja kubwa, nayo ni kwamba ikikutana na maji yenye chokaa huganda na kuacha utando mweupe juu ya bati na kioo, ikataka kuoshwa tena kwa maji mengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya ng'ambo vilieneza sabuni za unga zilizotengenezwa kwa kemikali zisizogandishwa na chokaa, na unga huo ulipofika katika maduka yetu kazi ya mwosha gari ilipata wepesi. Lakini wepesi huo ulikuwa wa kuja na kuondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na sabuni, kama sukari na mafuta ya kupikia, ikawa adimu madukani. Watu wa Tarime, ambao Sirari yao inatazamana na Isebania ya Kenya kwa hatua chache, waliyajua vyema magendo ya wakati huo na hatari zake. Na katika nyumba ambayo kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi na kugawiwa kwa hesabu, nani angethubutu kukipoteza juu ya gari? Lori lilisuguliwa kwa mchanga wa mto na majani, likapigwa maji, likaitwa safi.

Hapa imetupasa kutua, kwa sababu wakati gari lilipokuwa bado likioshwa kwa debe, sanaa ya pampu ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika wilaya hizi kwa njia nyingine kabisa. Mfugaji wa Mara alikuwa na adui aliyeitwa kupe, aletaye ndigana kali, maradhi yawezayo kumwangamiza ndama kwa siku chache. Na dawa ya kupe ni josho, na pasipo josho ni kunyunyizia kwa bomba. Mkulima wa kahawa wa Tarime naye alikuwa na maadui wake, kutu ya majani na chulebuni, ambayo hupigwa vita kwa dawa ya shaba inayonyunyiziwa kila msimu. Wote wawili wakabeba bomba la mgongoni, ambalo wengi hulijua kwa jina la solo, na wote wawili wakajifunza, wengi wao kwa hasara, adabu ambayo bomba humdai mwenyewe: kwamba maji yachujwe kabla ya kuingia, kwamba dawa isilale ndani usiku kucha, kwani hukauka na kuziba tundu, kwamba bomba lisuuzwe kwa maji safi hadi litoe maji matupu, kwamba wosha ya ngozi ipakwe mafuta isikauke na kupasuka, na kwamba tundu la mbele lisichokonolewe kwa msumari. Adabu hizo tano zilikaa katika maboma ya Wakurya na katika mashamba ya kahawa kabla mtu yeyote hajaota kuona povu juu ya gari.

Nasaba hii ninayoitaja haikai katika tabia peke yake, imo katika chuma chenyewe. Mashine nyingi za presha zilizotapakaa katika miji midogo ya Afrika Mashariki, ambazo watu huziona kuwa ni za kuoshea magari tangu kuumbwa kwake, kwa asili ni pampu za kunyunyizia dawa katika mashamba makubwa: zina pistoni tatu zilizopangwa sambamba, huzungushwa kwa mkanda na injini ya petroli au mota ya umeme, zina vikombe vya grisi juu yake na mipira mitatu, mmoja wa kuvuta maji, mmoja wa kuyapeleka kazini, na mmoja wa kuyarudisha pipani yanapozidi. Ulimwenguni kwingine njia ilikuwa tofauti: katika mji wa Detroit nchini Marekani watu walifungua mahali pa kuoshea magari kwa mpango wa kiwanda mwaka 1914, gari likisukumwa kutoka mkono hadi mkono, na huko Ujerumani Alfred Kärcher alitoa mwaka 1950 mashine ya kuoshea kwa maji ya moto yenye mgandamizo mkubwa. Kwetu mashine ilipita shambani kwanza, na hilo si jambo la kuonewa haya, kwani lilitupatia mafundi kabla ya kutupatia kazi.

Mambo yaliyoitoa kazi mtoni na kuileta uwanjani yalifuatana katika muda mfupi. Biashara ilipofunguliwa baada ya katikati ya miaka ya 1980, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi katika muongo uliofuata, gari lilitoka katika mikono ya serikali, misheni na matajiri wachache, likawa mali ya mwalimu, mfanyabiashara wa ng'ombe na mwenye duka. Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi Nyamongo, na njia za Tarime zikajaa malori na magari ya wakandarasi. Utalii wa Serengeti nao ulikua, magari yake yakipita lango la Ikoma na kuelekea kaskazini hadi Kogatende katika miezi ya nyumbu kuvuka Mto Mara. Na mgeni aliyelipa fedha nyingi hutaka kukaa katika gari lisilo na vumbi la jana. Kisha ikaja pikipiki, kipando cha kila kijiji, ambayo matope yake ya siku moja yanatosha kuificha rangi yake. Magari yakawa mengi kuliko subira ya mto.

Na subira ya mto ilikuwa ikipungua mbele ya macho ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kuzuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuyaharibu mazingira, katika mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Lakini watu wengi waliielewa sheria hiyo si kwa kuisoma bali kwa misukosuko. Mwaka 2009 madai ya kuchafuliwa kwa Mto Tigithe yalizua mjadala uliovuka mipaka ya mkoa. Nchi za bonde la Mara zikaweka tarehe 15 Septemba kuwa Siku ya Mara, inayoadhimishwa tangu mwaka 2012 kwa zamu kati ya Kenya na Tanzania. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi, samaki wakafa, na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Sisemi kwamba mwosha magari ndiye aliyeyasababisha hayo; nasema kwamba katika nchi iliyokwisha kuyaona hayo, hakuna tena mwenye haki ya kulitia gari mtoni na kusema kuwa uchafu wake ni mdogo. Mafuta kidogo hutanda juu ya maji mengi, na sabuni, ambayo kazi yake ni kuvunja utando wa maji, huyadhuru mashavu ya samaki ambayo ndiyo mapafu yao.

Hapo ndipo povu lilipopata maana yake. Elimu ya kufanya povu kwa chombo haikuanzia katika magari. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mmoja wa Baku, Aleksandr Loran, akitafuta namna ya kuuzima moto wa visima vya mafuta ambao maji hayakuuweza, alibuni povu la kuufunika moto na kuunyima hewa. Povu la gari lina tabia hiyo hiyo ya kufunika na kukaa. Maji matupu yakipigwa juu ya ubavu wa gari huteremka upesi na kupotea. Povu hung'ang'ania, likaipa sabuni dakika tatu hadi tano za kulegeza vumbi na kulinyanyua kutoka katika rangi, hata maji ya mwisho yakija huliondoa bila mkono kusugua. Faida yake ni mbili: rangi haikwaruzwi, na maji yanayotumika hupungua. Lakini lisiachwe likaukie juani, kwani likikauka huacha madoa mabaya kuliko vumbi lililoondolewa.

Vyombo vya povu vilivyozoeleka ni vya namna mbili. Cha kwanza ni chupa ifungwayo mbele ya mtutu wa mashine ya presha: maji yakipita kwa kasi katika njia nyembamba huvuta sabuni kutoka chupani, kwa kanuni iliyoelezwa na Mtaliani Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, kisha mchanganyiko huo hupita katika kiwavu cha chuma kilichosokotwa, ukachanganyika na hewa na kuumuka. Cha pili ni mtungi wa chuma ambao hutiwa maji na sabuni, ukafungwa, ukajazwa hewa na kompresa. Ukifunguliwa koki yake, povu hutoka kwa nguvu ya hewa, na pampu ya maji hupumzika. Chupa ni nyepesi na rahisi kununuliwa. Mtungi hutoa povu zito na kuhudumia magari mengi, lakini humtaka mtunzaji mwenye hadhari, kwa maana hewa iliyobanwa ni nguvu iliyolala, na ikiamshwa kwa ujinga huua.

Sasa nije katika utunzaji wenyewe, ambao ndio moyo wa kazi hii. Asubuhi, kabla ya kamba ya injini kuvutwa, fundi mwema hutazama oili ya pampu katika kijidirisha chake: ikiwa imepungua huongeza, na ikiwa imegeuka rangi ya maziwa hujua kuwa maji yamepenya katika sili, akasimamisha kazi kabla ya kuharibu zaidi. Hubonyeza mkanda kwa kidole gumba aone kama umelegea; hukaza vikombe vya grisi kidogo; hutazama chujio lililo katika mdomo wa mpira unaovuta maji pipani, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikifika katika valvu huifanya isifunge, na ikifika katika pistoni huikwaruza. Kisha huhakikisha kuwa maji yameujaza mpira, akalegeza mgandamizo, ndipo awashe injini na kupandisha presha taratibu. Pampu kuzunguka kavu ni dhambi kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwani maji ndiyo yanayozipoza pakingi, na dakika chache bila maji hutosha kuziunguza.

Katikati ya kazi, kila baada ya saa mbili hivi, vikombe vya grisi hupewa mzunguko mdogo. Na katika mashine ndogo za umeme zisizo na mpira wa kurudishia, mtutu usifungwe kwa muda mrefu huku mota ikizunguka, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani hupata moto na kuzila sili. Jioni, wakati mwili umechoka na mteja wa mwisho amekwisha kuondoka, ndipo fundi hujulikana. Sabuni iliyobaki chupani humiminwa katika chombo chake. Chupa hutiwa maji safi, na mtutu hufyatuliwa hadi yatoke maji yasiyo na povu hata chembe, maana sabuni ikilala katika tundu jembamba hugeuka utomvu, kisha ikawa jiwe. Pampu nayo hupewa maji safi kwa dakika mbili tatu, injini huzimwa, na mtutu hubanwa mara ya mwisho ili presha iliyobaki itoke, mpira usilale ukiwa umevimba. Mtungi wa povu hutolewa hewa kwanza, mpaka mshale wa geji urudi chini kabisa, ndipo mfuniko uguswe. Husuuzwa, mpira wa mfuniko hupanguswa, na mtungi huachwa wazi ukauke. Na kompresa, ambayo wengi huisahau kwa kuwa haigusi maji, hufunguliwa koki iliyo chini ya tangi lake kila siku. Kwa sababu hewa ina unyevu, na unyevu ukibanwa hugeuka maji, na maji hayo hukaa chini ya tangi yakililisha kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, hata siku tangi litakapopasuka watu waseme ni bahati mbaya.

Kila wiki kiwavu cha povu hutolewa na kulowekwa katika maji ya uvuguvugu, na kama maji ya kisima yana chokaa, hutiwa siki. Oringi hukaguliwa na kupakwa mafuta yasiyokula mpira. Valvu ya usalama ya mtungi hujaribiwa kama ingali inafunguka. Injini hupata haki yake pia, na katika nchi ya vumbi kama Serengeti chujio la hewa hustahili kusafishwa mara nyingi kuliko vitabu vya viwanda vinavyoshauri, kwani vitabu hivyo viliandikwa kwa nchi zenye vumbi dogo. Oili ya kwanza ya pampu mpya humwagwa baada ya saa 50 hivi za kazi, kwa kuwa ndani yake mna vumbi la chuma lililotokana na vyuma kuzoeana. Baadaye hubadilishwa kwa muda ulioandikwa. Na mtungi uliotoboka usichomelewe kiraka uwanjani na kurudishwa kazini. Mtungi huo umekwisha kutoa onyo lake, na la pili haulazimiki kulitoa.

Atakayeuliza haya yote yanauhusu vipi mto, na apige hesabu pamoja nami. Tundu la mbele la mtutu huliwa na mchanga polepole, tena upesi zaidi likichokonolewa kwa waya mgumu. Tundu likitanuka sehemu moja ya kumi ya upana wake, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21, na fundi akiiongeza kasi ya injini ili apate presha ile ile ya zamani, maji yatokayo huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Tuchukue mfano wa mtutu uliokuwa ukitoa lita 10 kwa dakika, nao ukabanwa kwa jumla ya saa tano kwa siku: maji ya ziada hufika lita 630, nayo ni madebe 35, kwa kipande cha chuma kidogo kuliko ncha ya kidole, na ambacho kubadilishwa kwake ni kazi ya dakika chache. Ongeza mpira unaovuja, kiwavu kilichoziba kinachomfanya kijana amimine sabuni maradufu ili apate povu lile lile, na shimo la kutuamishia mchanga na kutenganishia mafuta ambalo limejaa bila kuzolewa, na hapo utaona kwamba uwanja ulio mbali na mto, ukiwa na vyombo vilivyopuuzwa, hurudi mtoni kwa njia ya mtaro mvua ya kwanza inaponyesha.

Kwa hiyo mimi huuona utunzaji wa vyombo hivi kuwa sehemu ya tarihi ya maji ya Mara, wala si jambo la gereji peke yake. Vijana wanaoifanya kazi hii katika Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu, wengi wao wameipata kwa kutazama, na wamefundishwa kuosha gari bila kufundishwa kuiosha mashine. Wakaanza na mtutu mkononi ilhali babu zao walianza na kusuuza bomba. Adabu ile ya mkulima wa kahawa na mfugaji ingalipo kwa wazee, na haikosi mahali pa kuandikwa: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina njia ya kuutambua ujuzi uliopatikana kazini, na ujuzi wa pampu, mtungi na kompresa ni ujuzi kamili, unaostahili mtihani na cheti kama useremala na uashi. Mwenye uwanja naye aweke daftari, liandikwe siku ya oili, siku ya pakingi na siku ya tundu jipya, kwani kumbukumbu iliyoandikwa humlinda mwajiriwa na lawama na humlinda mwajiri na hasara.

Na halmashauri za wilaya hizi mbili, zinapotoa kibali cha kuoshea magari, ziulize umbali kutoka mtoni kama sheria inavyotaka, kisha ziongeze maswali mawili: maji machafu yanatuama wapi, na ni nani anayevisuuza vyombo jioni? Asiyeweza kujibu afundishwe kwanza, kwa upole na bila kunyang'anywa riziki yake. Na awezaye kujibu yote mawili kwa yakini apewe kibali chake pamoja na jina la fundi, kwa kuwa amelipata kwa haki.